Jason Sendwe: kutoka lopitali mpaka serikali

Mtoto akigonjwa huku Makomeno, tunasema: tumupeleke Sendwe. Lakini wengi wetu hatujui jina hilo lilikuwa la nani.

Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917, upande wa Kabongo. Wakati wa Wabelgiji, cheo cha juu Mukongomani alichofikia katika uganga kilikuwa munganga musaidizi. Ndiyo kazi Sendwe aliyoifanya. Kisha akaongoza chama cha Balubakat, na mwaka 1960 akachaguliwa deputé. Tshombe alipoitenga Katanga mwezi wa 7, Sendwe alikataa. Alitaka Kongo moja. Mwaka 1961 akawa naibu wa waziri mkuu katika serikali ya Adoula. Halafu akaongoza jimbo la Katanga ya Kaskazini. Mwezi wa 6, 1964, akauawa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo.

Sisi wa sindika tunashika neno moja. Muuguzi ndiye anajua dawa gani inakosekana, na mama gani anarudi nyumbani juu ya kukosa feza. Basi wakubwa wakipanga mambo ya afya, wawaite wauguzi nao wakate maneno. Sendwe alishaonyesha njia.