Thabit bin Qurra na namba zinazopendana

Ile orodha ya wanasayansi wa Kiislamu tunayoisoma kila mhadhara, mimi pia niliisoma mbele ya vijana wa madrasa hapa Nyakabanda, na jina la Thabit bin Qurra likiwemo. Baadaye nilipofuatilia maisha yake niliona haya. Thabit hakuwa Muislamu.

Alizaliwa Harran, kusini mwa Uturuki ya leo, yapata mwaka 836. Watu wake walijiita Wasabii, jina lililomo katika Qur'an, lakini walitukuza sayari. Husimuliwa kwamba alikuwa akibadilisha fedha, hadi Muhammad bin Musa alipopita Harran akitokea nchi za Warumi, akapendezwa na ujuzi wake wa lugha na kumchukua Baghdad. Huko alitafsiri vitabu vya Archimedes na Apollonius, akasahihisha tafsiri ya Euclid, na khalifa al-Mu'tadid akamweka karibu naye. Alifariki mwaka 901 akiwa katika dini yake ileile.

Kilichonivuta mimi ni hesabu yake. Jumlisha namba zote ndogo zinazoigawa 6 bila baki: 1, 2 na 3. Unapata 6 yenyewe, kwa hiyo ni timilifu. 8 inakupa 7, ni pungufu. 12 inakupa 16, nayo huitwa zaaid, ndiyo zaidi yetu. Halafu kuna 220 na 284: kila moja inazaa mwenzake. Kwa Kiarabu ni mutahabba, mzizi mmoja na mahaba. Wagiriki walibaki na jozi hiyo moja. Thabit akathibitisha kanuni ya kutafuta nyingine.

Chukua 8 na 16. Mara 3 ya 8, toa 1, ni 23. Mara 3 ya 16, toa 1, ni 47. Mara 9 ya 8 kwa 16, toa 1, ni 1151. Zote tatu ni namba tasa, basi 16 × 23 × 47 ni 17296, na 16 × 1151 ni 18416. Ukianza na 4 na 8 unakwama, kwa sababu unapata 287, ambayo ni 7 × 41.

Jozi hiyo kubwa iliandikwa na al-Farisi wa Uajemi na Ibn al-Banna wa Marrakesh, karne nne hivi baada ya Thabit. Fermat wa Ufaransa aliifikia mwaka 1636. Mimi niliihakiki kwa kalamu baada ya Isha: 17296 ina vigawo 19 ukiiacha yenyewe, na mara ya kwanza jumla ilinipungukia 368. Nilikuwa nimeisahau 368 yenyewe.

Mwanawe Sinan, tabibu, alisilimu zama za khalifa al-Qahir. Mjukuu wake Ibrahim alikuwa mwanahisabati hodari.

Nilirudi madrasa nikawaeleza vijana. Mmoja akauliza kama tumfute. Hatukumfuta, tulibadilisha kichwa cha orodha, sasa kinasema wanazuoni wa Baghdad.