Bwana Msa Katika Nchi ya Ufipa

Mpui ni mji mdogo katika uwanda wa juu wa Ufipa, kwenye barabara itokayo Sumbawanga kwenda Laela na Tunduma. Kutoka huko hadi Unguja kwa njia ya barabara na bahari ni zaidi ya kilomita 1,000, na mkazi wake aweza kuzeeka bila ya kuuona mkarafuu. Hata hivyo, tukiulizwa ni mwandishi yupi wa visiwani ambaye hadithi zake zingeeleweka upesi huko, tutamtaja marehemu Muhammed Said Abdulla bila ya kusita. Sababu yake tutaieleza. Kwanza tumweleze mtu mwenyewe.

Alizaliwa Makunduchi, kusini ya Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika idara ya afya, akawa mkaguzi kwa miaka kumi. Kazi ya kuingia katika nyumba za watu, kuchungulia visima na majaa, na kutoamini kila neno la mwenye nyumba, twadhani ilimfunza mengi kuliko darasa lolote la uandishi. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, akasaidia na mengine kama Al Falaq na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akashika uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, mpaka alipostaafu mwaka 1968. Maofisa wetu na wakumbuke, basi, kwamba huyu alikuwa mwenzao.

Hadithi iliyompatia jina ni Mzimu wa Watu wa Kale. Ilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya 1957/58 ya East African Literature Bureau, ikatoka kuwa kitabu mwaka 1960. Miaka tisa kabla yake Shaaban Robert alikuwa amewapeleka wasomaji Kusadikika, nchi isiyokuwapo. Muhammed Said Abdulla aliwarudisha Unguja yenyewe, kwenye mashamba, polisi na majirani wenye siri. Bwana Ali anakutwa amekufa mzimuni, mahali panapoogopwa, na hofu inataka kumaliza habari papo hapo. Bwana Msa hakubali. Akiwa na kiko chake, na sahibu yake Najum, na Inspekta Seif wa polisi, anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na kwa haja gani. Wapo waliomwona kuwa kivuli cha Sherlock Holmes. Kufanana kupo, wala hatukatai. Lakini Bwana Msa anafanya kazi penye watu waliokwisha kumhukumu mzimu.

Hapa ndipo Ufipa inapoingia. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa kuwa ni kutupa uchawi, na Rukwa ni miongoni mwa mikoa ambako wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mtoto hufariki kwa homa, na jina la bibi kizee wa jirani hutajwa kabla ya ugonjwa kutafutwa. Swali la Bwana Msa, dogo kama lilivyo, lingetosha kuokoa roho ya mtu, kama angekuwapo afisa wa kuliuliza mapema.

Wala sisi wa visiwani tusiwacheke Wafipa. Mwandishi huyu alikiita kitabu chake cha 1968 Kisima cha Giningi, na kila Mzanzibari ajua Giningi husemwa kuwa ni makao ya nani. Mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa, mtu mgonjwa wa akili aliuawa na umati mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye shetani huyo.

Vitabu vingine vilifuatana: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Mwanafunzi alivisoma kwa hamu ya kumjua muuaji, na mzee kwa utamu wa Kiswahili chake cha Unguja. Cha mwaka 1984 kinatupendeza hata kwa jina: Kosa la Bwana Msa. Baada ya zaidi ya miaka 20 ya kumfanya mpelelezi wake kuwa mwerevu kuliko wote, mwandishi alithubutu kumwandikia kosa. Alifariki mwaka 1991.