Rudolf Diesel

Rudolf Christian Karl Diesel (Paris, Ufaransa, 18 Machi 1858 – baharini kati ya Antwerp na Harwich, 29 Septemba 1913) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kubuni injini ya dizeli, yaani injini inayowasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa, bila cheche ya umeme. Neno la Kiswahili dizeli limetokana na jina lake la ukoo.

Joto hilo la hewa ndilo nguvu ya injini yake na pia udhaifu wake. Katika nchi zenye baridi kali, magari ya zamani ya dizeli huwa magumu kuwaka asubuhi, na ndiyo sababu hufungwa vifaa vya kupasha injini joto.

Familia na utoto

Diesel alizaliwa mjini Paris, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Theodor na Elise Diesel, Wajerumani kutoka Bavaria. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na wa bidhaa za ngozi. Mwaka 1870 ilipozuka vita kati ya Ufaransa na Prussia, Wajerumani wengi walilazimika kuondoka Paris, na familia hiyo ilihamia London. Muda mfupi baadaye Rudolf, mwenye umri wa miaka 12, alipelekwa Augsburg kuishi na shangazi yake na mumewe Christoph Barnickel, aliyekuwa mwalimu wa hisabati.

Elimu

Huko Augsburg aliamua kuwa mhandisi. Mwaka 1875 alipata ufadhili wa kusoma katika chuo cha ufundi cha Munich, ambako alifundishwa na Carl von Linde, mtaalamu wa mashine za kutengeneza baridi. Katika masomo hayo alijifunza kwamba injini za mvuke za wakati ule zilipoteza sehemu kubwa sana ya nishati ya makaa, na kiasi kidogo tu kiligeuka kuwa kazi. Tangu hapo alitaka kubuni injini isiyopoteza joto kiasi hicho.

Alikosa mtihani wa mwisho mwaka 1879 kwa sababu ya homa ya matumbo. Wakati akingoja nafasi nyingine alifanya kazi katika kiwanda cha ndugu Sulzer huko Winterthur, Uswisi. Alihitimu Januari 1880 kwa alama za juu kabisa.

Kazi ya baridi

Baada ya kuhitimu alirudi Paris kufanya kazi katika kampuni ya Linde, akisimamia mitambo ya barafu. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu: Rudolf, Heddy na Eugen. Mwaka 1890 familia ilihamia Berlin.

Hivyo mtu ambaye baadaye alitegemea joto la hewa alitumia karibu miaka kumi akitengeneza baridi. Katika muda huo alijaribu pia kuunda injini inayotumia mvuke wa amonia, lakini haikufanikiwa.

Uvumbuzi wa injini

Hewa ikigandamizwa kwa haraka hupata joto. Anayejaza upepo kwenye tairi la baiskeli hulihisi joto hilo kwenye pampu. Diesel aliwaza kwamba hewa ikigandamizwa kwa nguvu ya kutosha ndani ya silinda, mafuta yatakayopulizwa humo yatawaka yenyewe.

Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alikuwa amepata hataza mwaka 1890 kwa injini nyingine isiyotumia cheche. Hata hivyo, injini hiyo ilikuwa na chemba ya chuma iliyopaswa kupashwa moto kwa taa kabla ya kuwashwa. Diesel alitaka injini isiyohitaji moto wowote kutoka nje. Hataza yake ya Ujerumani ilianza kutumika tangu Februari 1892, na mwaka 1893 alichapisha kitabu kuhusu nadharia yake.

Heinrich von Buz, mkurugenzi wa kiwanda cha mashine cha Augsburg, alikubali kugharamia majaribio, na kampuni ya Krupp ilijiunga naye. Jaribio la kwanza lilifanyika Agosti 1893, lakini injini haikuweza kujiendesha. Februari 1894 injini iliyoboreshwa ilijiendesha yenyewe kwa takriban dakika moja. Ilibidi Diesel aache sehemu ya nadharia yake ya awali, kwa kuwa shinikizo alilokusudia lilikuwa kubwa mno. Wapinzani walilitumia jambo hilo dhidi yake hadi mwisho wa maisha yake.

Februari 1897 profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima injini mpya na kukuta kwamba iligeuza asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Hakuna injini ya mvuke ya wakati huo iliyofikia kiwango hicho.

Mafanikio na matatizo

Makampuni ya nchi mbalimbali yalinunua haki za kuitengeneza injini hiyo, na Diesel akawa tajiri. Katika maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900, injini mojawapo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, kwani serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama mazao ya makoloni yake ya Afrika yangeweza kuendesha mitambo. Mwaka 1912 meli Selandia ya Denmark ilionyesha kwamba injini za dizeli zinaweza kuvusha meli kubwa baharini.

Hata hivyo injini za mwanzo zilikuwa na hitilafu nyingi, na wateja walilalamika. Mwaka 1898 Diesel aliugua kwa uchovu na kulazwa kwa muda. Kesi kuhusu hataza zilimchosha, na fedha nyingi zilipotea katika biashara ya ardhi na uwekezaji mwingine. Kufikia mwaka 1913 alikuwa na madeni makubwa, ingawa bado aliishi katika jumba la kifahari mjini Munich.

Kifo

Jioni ya 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden huko Antwerp, akielekea Uingereza kwa mkutano wa kampuni. Alikula chakula cha jioni, akaomba aamshwe asubuhi, akaenda chumbani kwake. Asubuhi hakuonekana, na kitanda hakikuwa kimelaliwa. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi walikuta maiti baharini. Walichukua vitu vilivyokuwa mfukoni na kuuachia mwili maji. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Wengi huamini kwamba alijiua kwa sababu ya madeni. Wengine wamedai kwamba aliuawa, lakini hakuna uthibitisho.

Dizeli na baridi

Injini za wakati wa Diesel zilikuwa kubwa, zilisimama kiwandani au melini, na ziliwashwa kwa hewa iliyohifadhiwa kwenye matangi. Tatizo la asubuhi ya baridi lilikua injini ilipofanywa ndogo ili iingie kwenye gari. Mercedes-Benz 260 D ya mwaka 1936 ni kati ya magari madogo ya kwanza ya dizeli kutengenezwa kwa mfululizo.

Katika injini ndogo, kuta baridi za silinda hunyonya joto la hewa kabla mafuta hayajawaka. Tena oili huwa nzito, betri hupungua nguvu, na stata huzungusha injini polepole, hivyo mgandamizo hautoi joto la kutosha. Magari ya zamani huathirika zaidi, kwa sababu mengi yana chemba ndogo ya pembeni ambamo mafuta huanza kuwaka, na kuta zake huongeza upotevu wa joto.

Suluhisho la kwanza ni plagi za joto, ambazo hupasha chemba hizo kwa umeme wa betri. Katika magari ya zamani dereva alipaswa kungoja kabla ya kuzungusha stata, na Wajerumani waliuita muda huo kwa utani dakika ya kumkumbuka Rudolf Diesel.

Baridi ikizidi, injini nzima hupashwa joto. Andrew Freeman wa Grand Forks, jimbo la North Dakota nchini Marekani, alipata hataza ya kifaa cha umeme cha aina hiyo mwaka 1949. Uchaguzi wa kifaa hutegemea mahali gari linapolala. Penye umeme, hutumika kipasha joto cha maji ya injini, ambacho ni rahisi na kwa kawaida huhitaji saa chache tu kabla ya safari. Pasipo umeme, hutumika jiko dogo linalochoma dizeli ya tangi la gari lenyewe. Hilo ni ghali zaidi na huhitaji betri nzima. Kipasha joto cha oili hulainisha oili na kumsaidia stata, lakini hakipashi sana kuta za silinda. Vyote hivyo haviponyi plagi zilizoungua, betri dhaifu au pistoni zilizochakaa, kwa hiyo mafundi hukagua hivyo kwanza. Wala haviondoi nta inayoganda katika dizeli ya kawaida na kuziba chujio. Dawa yake ni dizeli ya majira ya baridi.

Urithi

Leo injini za dizeli huendesha malori, matrekta, meli, treni na jenereta duniani kote. Injini iliyopimwa mwaka 1897 imehifadhiwa katika makumbusho ya Deutsches Museum mjini Munich.