Kabla ya kuwa tajiri, Allidina Visram alikuwa na mwalimu. Wewe wako ni nani?

Ukishuka kutoka vilima vya chai vya Bomet ukielekea Narok, utapita Mulot. Labda ni kwenu. Unajua basi shughuli za pale: mahindi, ng'ombe, maziwa, na boda boda zilizopangwa kando ya lami zikingoja abiria. Unajua pia ile sifa nyingine. Kila polisi wanapozungumzia ulaghai wa laini za simu, jina la Mulot halikosi kutajwa, na kijana anayeuza mitumba yake kwa jasho anatazamwa kwa jicho lile lile la mashaka.

Hebu fikiria jambo moja. Hakuna kijana aliyeamka asubuhi moja akajikuta anajua kumwibia mtu pesa kupitia simu. Kuna mtu aliyemwita kando akamfunza. Biashara halali nayo hufunzwa hivyo hivyo, na mtu, tena taratibu. Kwa hivyo, kabla hujauliza utapata wapi mtaji, jiulize utakaa chini ya nani.

Ndiyo maana leo nakusimulia maisha ya Allidina Visram. Huenda jina hilo unalijua kwa sababu ya shule ya upili iliyoko Mombasa. Mwenyewe alifariki mwaka wa 1916, miaka kadhaa kabla ya kampuni kubwa za majani chai kuanza kupanda chai Kericho.

Visram alizaliwa Kutch, magharibi mwa India, katikati ya karne ya 19. Alivuka bahari kwa jahazi akiwa mvulana tu, akafika pwani ya Afrika Mashariki bila mali ya kutajwa. Hakukimbilia kufungua duka. Alienda Bagamoyo akaajiriwa na mfanyabiashara aitwaye Sewa Haji Paroo.

Sewa Haji alikuwa nani? Wakati huo hapakuwa na reli wala lori. Mizigo ya kwenda bara ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, safari ya miezi. Bagamoyo ndipo misafara mingi ilipoanzia. Sewa Haji ndiye aliyewatafutia wasafiri na wafanyabiashara wapagazi hao, akawauzia pia merikani, shanga na waya wa shaba, vitu vilivyotumika kama pesa huko bara. Ukitaka msafara wako ufike, ilibidi ujue bei za mbali, ujue nani analipa deni na nani anatoroka, na uhesabu mizigo bila kukosea. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya Visram. Alijifunza akiwa ndani ya kazi, mikono ikiwa na vumbi.

Kuna jambo lingine kuhusu mwalimu wake. Sewa Haji alitumia mali yake kujenga shule Bagamoyo na kusaidia ujenzi wa hospitali Dar es Salaam. Mpaka leo kuna jengo linaloitwa kwa jina lake katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kijana aliyekuwa karibu naye aliona pesa zinavyoingia, na pia aliona zinavyotoka.

Sewa Haji alipofariki mwaka wa 1897, Visram alichukua sehemu kubwa ya biashara ile ya misafara. Hapa ndipo wengi wangelala. Lakini mwaka mmoja kabla yake, ujenzi wa reli ulikuwa umeanza Mombasa. Visram aliona kwamba gari moshi litaua msafara. Badala ya kung'ang'ania njia ya zamani kwa sababu ndiyo aliyofunzwa, aliifuata reli. Ilifika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901, ikipitia Kipkelion na Fort Ternan, huku huku kwetu Kericho. Maduka yake yalienea kwenye njia ya reli, na pia Kisumu, Jinja na Kampala.

Umeona hapo? Bidhaa zilibadilika, njia ikabadilika, lakini hesabu na uaminifu wa Bagamoyo alienda nao. Mwalimu mzuri hukupa kitu kinachobaki na thamani hata biashara yake mwenyewe ikipitwa na wakati.

Halafu Visram naye akawa mwalimu. Vijana waliokuja kutoka India walipata kazi katika maduka yake, wakajifunza kununua ngozi, simsim na pamba kutoka kwa wakulima na wafugaji. Kwa wenye maduka madogo, aliwapa bidhaa kwa mkopo, wauze kwanza, walipe baadaye. Wengi walianzia hapo wakaja kusimama wenyewe.

Sikuambii alikuwa malaika. Alifanya biashara ya pembe za ndovu, iliyokuwa ya kawaida siku zile na leo ingekupeleka jela. Na kampuni yake haikudumu sana baada yake. Mwanawe, aliyejenga ile shule ya Mombasa kwa kumbukumbu ya babake, naye hakuishi muda mrefu, na biashara ikaporomoka. Kwa hivyo usimuige mtu mzima mzima. Chukua ujuzi, pima mengine.

Sasa turudi Mulot. Sewa Haji wako ni nani? Anaweza kuwa mzee wa duka la jumla, au mama anayekusanya maziwa, au yule mnunuzi wa ng'ombe ambaye kila mtu sokoni anamwamini. Usimwendee ukiomba pesa. Mwendee kwa heshima, mwombe kazi, hata ya kupakua magunia, na mkubaliane ni kwa muda gani na kwa malipo gani. Kuwa na daftari lako. Andika bei ya leo na ya wiki ijayo. Uliza kwa nini alimkatalia huyu mkopo na yule akampa. Akikuamini na magunia mawili uuze mwenyewe, rudisha pesa siku mliyoagana, hata kama faida ni shilingi 50. Hapo ndipo utajua kama anakuamini, na yeye atajua kama wewe ni wa kuaminika.

Mtazame na yeye pia. Anakuonyesha hesabu, au anakuonyesha gari tu? Waliofanya kazi naye miaka mitano iliyopita wako wapi leo, wamesimama au bado wanamngoja? Je, akiulizwa pesa zinatoka wapi, anajibu mbele ya watu?

Na kuna ishara moja usiipuuze. Mtu akikuahidi utajiri wa wiki mbili, kisha akakuomba kitambulisho chako asajili laini ya simu, huyo hatafuti mwanafunzi. Anatafuta jina la kuweka mbele siku polisi watakapokuja. Jina lenyewe ni lako, na la mzazi aliyekupa.

Visram alikaa miaka mingi chini ya mtu mwingine kabla dunia haijamjua. Wewe miezi sita ya kupakua magunia unaiona mirefu? Kesho pita pale dukani mapema, kabla wateja hawajajaa, umsalimie mzee.