Freud Alivyoacha Maabara

Wanachuo wenzangu, sisi wa ualimu Sigmund Freud tunamkariri kwenye saikolojia, tunamjibia mtihani, basi. Mimi mwaka huu nimemrudia kwa sababu nyingine kabisa: huyu mzee aliacha kitu alichokipenda kwa sababu hakuwa na hela.

Alizaliwa 1856 huko Freiberg, mji ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Baba yake aliuza sufu, biashara ikayumba, familia ikahamia Vienna. Mwaka 1873, akiwa na miaka 17, aliingia Chuo Kikuu cha Vienna kusoma udaktari. Lakini moyo wake haukuwa kwa wagonjwa, ulikuwa maabara. Mwaka 1876 alitumwa Trieste, mji wa pwani, akapasua mikunga wapatao 400 akitafuta korodani za samaki hao, kitu kilichowasumbua wanasayansi miaka mingi. Kisha akajichimbia kwa Profesa Ernst Brücke, akichunguza seli za neva kwa hadubini. Shahada aliipata 1881, baada ya miaka 8, mmoja kati ya hiyo akiwa jeshini. Kwa hiyo wewe unayelia na supu, tulia kidogo.

Mwaka 1882 akachumbiana na Martha Bernays. Kuoa kunataka kipato, na kwa Brücke nafasi mbili za wasaidizi zilikuwa na wenyewe. Profesa akamweleza ukweli bila kuzunguka: kwa hali yake ya pesa, aachane na maabara akatafute kazi ya udaktari.

Akaanza upya Hospitali Kuu ya Vienna, kule chini kabisa. Akapita upasuaji na magonjwa ya ndani, na Mei 1883 akaingia kitengo cha wagonjwa wa akili kwa Theodor Meynert, akakaa miezi 5. Ila kuna jambo ambalo mihadhara yetu huliruka: hata hapo hospitalini aliendelea kuchunguza ubongo kwenye maabara ya Meynert. Mwishoni mwa 1885 akaenda Paris kwa Charcot, akaona watu waliopooza ilhali neva zao hazina kasoro inayoonekana. Hapo ndipo maswali yake yalipohamia kwenye nafsi ya mtu. Aprili 1886 akafungua kliniki yake, Septemba akaoa.

Mengi aliyoyadai baadaye yanapingwa leo, na sibishi. Kilichonigusa ni ile miaka ya kati.

Maana na mimi nilitaka kubaki kwenye kemia, nisome zaidi. Nyumbani wanasubiri mshahara. Boom lenyewe nagawana na wadogo zangu. Nilishaona kwamba kwenda kufundisha ni kushindwa. Sasa sina uhakika tena. Mwezi ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Nimeomba nipewe vipindi vya kemia, na jioni niachiwe ufunguo wa maabara.