John Gough, Mlevi Aliyeacha Pombe

John Gough alizaliwa Uingereza mwaka wa 1817. Alipopata umri wa miaka 12 alivuka bahari kwenda Marekani, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu. Lakini ulevi ulimshika hata akawa fukara; mkewe na mtoto wake wakafa, akabaki peke yake.

Mwaka wa 1842, katika mji wa Worcester, mtu asiyemjua alimsemesha kwa upole, naye akatia sahihi ahadi ya kuacha pombe. Baada ya miezi michache alianguka. Akakiri kosa lake, akaahidi tena. Mwaka wa 1845 akaanguka mara nyingine, akainuka. Kisha kwa muda wa miaka 40 alizunguka miji mingi akiwaonya watu juu ya ulevi, hata alipokufa mwaka wa 1886.

Basi, ulevi hauachwi kwa siku moja. Aliyeanguka na ainuke, na wenziwe wamshike mkono.