Sewa Haji na Mlango wa Hospitali

Askari anayeshika zamu mwambao wa Kismayu akiugua, hutazamiwa atibiwe na mganga wa jeshi. Mvuvi wa Koyama au Chula akiugua, hana budi kungoja mashua na upepo mwema, kisha atafute fedha za dawa. Ni nani atakayemsemea mvuvi huyo mbele ya serikali? Maisha ya marehemu Sewa Haji Paroo yanaonyesha kwamba watu wa dini wanaweza kuifanya kazi hiyo, tena kwa heshima na kwa faida ya wote.

Sewa alizaliwa mwaka 1851 katika ukoo wa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia. Baba yake, Haji Kanji, alitoka Kutch, Bara Hindi, akafanya biashara Unguja na Bagamoyo. Siku za ujana wake, bendera ya Sultani wa Zanzibar ilipepea Bagamoyo na Kismayu pia. Sewa aliuza nguo, shanga na nyaya za shaba, akanunua pembe za ndovu, na akawa mtu mashuhuri wa kuwapatia wasafiri wapagazi wa kwenda bara. Utajiri wake, basi, ulibebwa mabegani mwa watu maskini, na wengi wao walirudi pwani wakiwa wamedhoofika kwa maradhi.

Baada ya vita vya Abushiri vya mwaka 1888 na 1889, utawala wa Wajerumani ulikazwa mwambaoni. Sewa hakuwa na cheo serikalini, wala hakuwa na jeshi. Alichokuwa nacho ni mali, jina jema na imani iliyomfundisha kwamba mali ni amana. Alitoa rupia 12,400 ili hospitali ijengwe Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Waasia. Mwaka 1896 alitoa jumba lake la ghorofa mjini Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba isibague kabila wala dini. Aliwasaidia pia wagonjwa wa ukoma, akishirikiana na mapadri wa Misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo, ingawa wao walikuwa wa dini nyingine.

Alifariki dunia tarehe 10 Februari 1897, akiwa na umri wa miaka 46 hivi. Hospitali iliyoitwa kwa jina lake ilifunguliwa mwaka huohuo. Katika wasia wake aliiachia serikali majengo na viwanja, ili mapato yake yawatunze wakoma na kuwalisha wagonjwa hospitalini.

Hapa ndipo ilipo hekima ya mtu huyu. Hakutoa sadaka kimya kimya na kwenda zake, bali aliifungamanisha na sharti, na kwa sharti hilo aliitwisha serikali wajibu. Hakuwajali watu wa jamaa yake peke yao. Tena alijua kwamba kuta hazimponyi mtu: mgonjwa anahitaji chakula leo na kesho, na hayo hayapatikani bila fungu la kudumu.

Lakini sadaka ya mtu mmoja ina mpaka wake. Mwaka huo wa 1897 Wajerumani walifungua hospitali nyingine, ile ya Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu, na wagonjwa wakaendelea kugawanywa kwa rangi. Ukuta wa namna hiyo hauvunjwi kwa rupia. Huvunjwa kwa sheria na bajeti, na hayo hudaiwa na watu wengi kwa sauti moja. Baada ya uhuru, hospitali iliyochukua nafasi ya ile ya Sewa iliitwa Muhimbili, na jengo mojawapo huko limebaki na jina lake.

Wazee wa misikiti na mapadri wa mwambao wanaweza kuanzia pale Sewa alipoishia: wakusanye michango, wakae pamoja, waorodheshe vijiji visivyo na tabibu, na waiombe serikali bima na zahanati kwa kila raia. Askari na polisi nao wana sehemu yao. Chombo kipitacho doria chaweza kumbeba mama mwenye uchungu, na kituo chaweza kulinda kisanduku cha chanjo. Yeye aliyekwisha kupata matibabu ya serikali ndiye anayefaa kuwa shahidi wa kwanza kwamba jambo hilo lawezekana kwa watu wote.